Ndege Moja, Vichwa Mia

Wapo wanaofikiri kwamba historia ni orodha ya tarehe za kukariri kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Mimi nasema historia ni jina unalolitaja kila siku bila kujua umetaja nini. Konda anapaza sauti, "Kariakoo! Kariakoo!", na abiria wanapanda bila habari kwamba wanaitwa jeshini. Maana Kariakoo ni Carrier Corps, Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jina hilo lilipita katika ndimi za babu zetu, nao wakalitengeneza wakalifanya lao.

Lakini kabla ya wapagazi kuna kisa cha ndege.

Mwaka 1914 Wajerumani waliandaa maonyesho makubwa hapa Dar es Salaam, yafanyike mwezi Agosti. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huohuo, na wenyewe walitaka kujitapa kidogo. Ukumbi ukajengwa pale lilipo soko. Rubani mmoja, Bruno Büchner, akaja kwa meli na ndege yake aina ya Pfalz: mabawa mawili, moja juu na jingine chini, na pangaboi nyuma ya rubani. Wajerumani hawakuwa na ndege nyingine katika koloni hili zima.

Agosti ikafika, na badala ya maonyesho ikaja vita. Tarehe 8 manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaupiga mji mizinga ikiulenga mnara wa simu ya upepo. Ndege ya maonyesho ikavishwa gwanda. Büchner akajeruhiwa kwa risasi za Waingereza. Kisha rubani mwingine, Luteni Henneberger, akafa nayo ilipoanguka. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, ukumbi ule wa sherehe ukawa kambi ya wapagazi.

Sasa, ndugu msomaji, mtu anayetamani kuandika riwaya ana ugonjwa mmoja: ugonjwa wa "ingekuwaje". Nikaamua kuiunda ndege ya Büchner, lakini si ile iliyoanguka. Nilitaka kuunda ndege ya historia nyingine, ambayo Wajerumani wangekuwa nazo kumi badala ya moja. Sharti nililojiwekea ni hili: ruksa kubadili jambo moja tu; mengine yote yafuate yenyewe.

Vifaa vyote nilivipata hapahapa Kariakoo. Mbavu za mabawa ni vijiti vya mishkaki, ngozi yake karatasi ya kishada, nyaya zake uzi wa cherehani, na ekseli ya magurudumu ni spoku ya baiskeli. Kipimo ni 1 kwa 24, yaani sentimita moja kwangu ni sentimita 24 kwa Büchner. Gundi inanuka chumba kizima, lakini bwana, ikisimama juu ya meza inapendeza!

Na historia yake ilikuwa tamu. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia, zikawa zinaziambia meli mbili, Severn na Mersey, makombora yanaangukia wapi. Tarehe 11 Julai Königsberg ikaisha kazi. Katika historia yangu, ndege kumi za Wajerumani zinazifukuza zile za Mafia. Severn na Mersey zinapiga gizani, na Königsberg inatoka baharini usiku mmoja wa mvua. Riwaya hiyo!

Basi akapita mzee mmoja anayeuza maharage, akaitazama sana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii mafuta yake yalikuwa yanatoka wapi?"

Swali dogo, lakini lilifungua mlango mpana kuliko delta ya Rufiji. Zamani zile petroli ilisafirishwa kwa debe, debe hilihili tunalopimia mahindi. Debe moja ni lita 18. Injini ya wakati ule yenye nguvu za farasi 100 ilikunywa kama madebe mawili kwa saa. Madebe mawili ya petroli ni kilo 26 hivi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 mpaka 30. Kwa hiyo saa moja angani ni kichwa kimoja ardhini. Punda na ng'ombe? Mbung'o waliwamaliza. Palipoishia reli na magari kushindwa, kichwa cha mtu ndicho kilikuwa lori.

Tuendelee na hesabu. Sema ndege iko bara, mwendo wa siku 12 kwa miguu, na inaruka saa moja kila siku. Mpagazi anakwenda siku 12, anarudi siku 12. Kwa hiyo wakati wote wako watu 24 njiani kwa ajili ya ndege moja. Kila mmoja anakula kama kilo moja ya unga kwa siku. Ukisema chakula chao kiletwe kutoka pwani kwa wapagazi wengine, haiwezekani, maana huyo naye atakula kilo 24 njiani, na mzigo wake wote ndio huo! Chakula kinatoka wapi basi? Kinatoka ghalani mwa wanakijiji walio kando ya njia, kwa hiari au kwa mtutu. Ndege kumi ni watu 240, na bado hujabeba bomu hata moja.

Hapo historia ya kubuni ikagongana na historia yenyewe. Majeshi yote mawili yalikula hivyohivyo. Ugogo ilikumbwa na njaa kali ambayo Wagogo waliipa jina, Mtunya. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, wengi kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi zaidi. Hata mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa, kisha ikaburutwa bara kwa nguvu za watu.

Au tubadili jambo jingine: vita isitokee kabisa. Büchner anaruka juu ya ukumbi, watu wanapiga vigelegele. Kariakoo haipati jina lake. Lakini kodi ipo palepale, na viboko hamsa-ishirini vipo palepale. Hakuna "ingekuwaje" ya bure.

Nenda Mtaa wa Samora ukaione Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ana bunduki, ana singe, yuko peke yake. Ile ya Nairobi angalau imemweka mpagazi pamoja na askari. Yetu juu yake ina askari tu. Mpagazi wa Dar es Salaam aliachiwa jina la soko. Jina hilo limedumu hata ukumbi wa Mjerumani ulipotoweka, likachukuliwa na soko alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, na halikuungua pamoja na soko hilo Julai 2021.

Ndege yangu haina msalaba wa Kaisari wala alama ya Mwingereza. Chini ya bawa nimeandika kwa kalamu ya wino: madebe 2, kichwa 1. Na riwaya nimeanza kuiandika upya. Rubani amebaki sura ya tatu. Sura ya kwanza ni ya mtu mwenye madebe.