Meza ya Waandishi Mbele ya Jaji Blythin

Alfajiri ya Julai 4, 1954, Marilyn Sheppard, akiwa mjamzito, aliuawa kitandani kwake Bay Village, nje kidogo ya Cleveland, Marekani. Mumewe, daktari Sam Sheppard, alisema alipambana na mtu asiyemjua. Magazeti hayakumwamini. Mwishoni mwa Julai, Cleveland Press lilihoji kwenye ukurasa wa mbele kwa nini hajatiwa ndani; usiku uleule akakamatwa.

Kesi ilianza Oktoba, uchaguzi ukiwa umebakiza wiki mbili. Jaji Edward Blythin aligombea kubaki kitini, na mwendesha mashtaka mkuu naye aliutaka ujaji. Katika hali hiyo, nani angewafukuza waandishi?

Blythin aliwapangia meza ndefu ndani ya uzio wanapokaa mawakili. Waliketi karibu 20, hatua chache kutoka kwa juri. Sheppard akitaka kunong'ona na wakili wake, mara nyingi iliwabidi watoke nje ya chumba. Majina na anwani za walioitwa kuteuliwa kwenye juri yalikwisha kuchapishwa, na barua na simu zikawafuata majumbani.

Wazee wa baraza waliokaa na jaji katika mahakama zetu walimshauri tu. Juri ya Marekani ndiyo huamua hatia. Basi redio ilipotangaza kwamba mwanamke mmoja amezaa na Sheppard, wajumbe wawili wa juri walikiri wameisikia. Jaji akawauliza kama itawaathiri. Wakasema hapana. Akaridhika! Wakati wa kujadiliana, wajumbe waliruhusiwa hata kupiga simu nyumbani. Sheppard akafungwa maisha.

Juni 6, 1966, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliibatilisha hukumu hiyo kwa kura 8 dhidi ya 1, wakili F. Lee Bailey akimtetea Sheppard. Katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Tom Clark, magazeti yalikosolewa, lakini mzigo ukamwangukia Blythin: angeweza kupunguza waandishi, kuahirisha kesi, kuihamisha, kuitenga juri, au kuwazuia mawakili na polisi kuropoka. Hakufanya hivyo. Sheppard hakutakiwa kuthibitisha kwamba mjumbe fulani wa juri alipotoshwa. Mazingira yenyewe yalitosha. Kwangu, hapo ndipo uzito wa uamuzi ulipo, maana mtu aliyeathirika hajijui.

Kesi iliporudiwa mwaka huohuo, waandishi walibanwa na Sheppard akaachiwa huru. Alifariki 1970. Baadaye mwanawe alilitaka jimbo la Ohio limtambue baba yake kuwa alifungwa bila hatia. Mwaka 2000 juri ya Cleveland ilikataa.