Kutoka Meza ya Karani hadi Darasa la Jioni

Kabla serikali yoyote ya kikoloni haijamdai mtu cheti, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na desturi yake ya kusoma ukubwani. Mfanyabiashara wa Lamu, Mombasa au Unguja, aliyekwisha kuoa na kuzaa, aliweza kukaa msikitini baada ya alasiri akasomeshwa kitabu cha fiqhi au cha nahau na sheikh ambaye pengine alikuwa mdogo wake kwa umri. Darasa halikuwa na mahafali. Aliyemaliza kitabu alipewa ijaza, yaani idhini ya sheikh wake, kisha akaanza kingine kwa sheikh mwingine, na muda wote huo biashara yake iliendelea. Elimu na riziki ziliishi nyumba moja bila moja kuwa hati ya kuingilia kwa mwenzake. Yaliyofuata baadaye katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, kisha Tanzania, yaliigeuza hali hiyo, na mpaka leo mhitimu wa chuo anayetaka kubadili kazi anapambana na matokeo ya mgeuko huo.

Mgeuko ulianzia Tanga. Mwaka 1892 Wajerumani walianzisha shule ya serikali katika mji huo, nao hawakuficha shabaha yao. Maofisa wao walikuwa wachache, nchi ilikuwa kubwa, na utawala uliendeshwa kwa Kiswahili. Walihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida wa kuandika barua na kukusanya kodi. Kijana alitoka darasani akaingia bomani. Shule hiyo ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na kuanzia 1904 ilichapa gazeti la Kiongozi, ambalo walimu na makarani waliotawanyika katika vituo vya bara waliliandikia habari za walikopelekwa. Kwa mara ya kwanza kalamu ilileta mshahara wa mwezi, na mshahara huo ulikuwa na mlango mmoja tu. Hapo ndipo msomi na mwajiriwa wa serikali walipoanza kuonekana kuwa mtu yule yule.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuuvunja mlango huo, waliuongezea ngazi. Mwaka 1922 shule ya ufundi ilifunguliwa Makerere, Uganda, ambayo polepole ikawa kilele cha elimu kwa Waafrika wa nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza, na mwaka 1949 ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka huo huo wa 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba aliwakusanya makarani na walimu katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kwa karani hicho kilikuwa kimo kikubwa kabisa, na bado alikuwa karani.

Aliyeonyesha vizuri zaidi kilichowezekana ndani ya mipaka hiyo ni Shaaban Robert. Baada ya kusoma Dar es Salaam, mwaka 1926 aliajiriwa ukarani katika idara ya forodha. Alihamishwa kituo hadi kituo na idara hadi idara kwa zaidi ya miaka thelathini: forodha, wanyamapori, ofisi ya jimbo Tanga, upimaji ardhi. Mashairi, insha na riwaya zilizomfanya kuwa mwandishi mkuu wa Kiswahili katika karne yake aliziandika akiwa katika utumishi huo. Shule ilimpa kusoma na kuandika. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe, kwa muda wake na gharama yake. Serikali iliyomlipa haikuwa na daraja la mishahara la kazi ile.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wahitimu walianza kuihama meza kwa makusudi. Julius Nyerere alitoka Makerere na stashahada ya ualimu mwaka 1945, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952, akafundisha tena Pugu. Mwaka 1955, akiwa rais wa chama cha TANU kilichoundwa mwaka uliotangulia, alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa, akaacha kazi. Rashidi Kawawa naye, baada ya kusoma Tabora, alipitia ofisi ya serikali, akaigiza sinema ya Muhogo Mchungu, akaongoza chama cha wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Husemwa kwamba kubadili fani ni mtindo wa vijana wa sasa wasiotulia. Nchi hii iliasisiwa na watu waliobadili fani.

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulikuta uhaba mkubwa. Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza waliondoka wakiacha wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka huo huo Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa kwa watu wazima, kikifuata mfano wa chuo cha Ruskin cha Oxford. Katika hali hiyo kusoma tena halikuwa jambo la hiari ya mtu. Makarani walipelekwa kozi ili wawe maofisa tawala, na maofisa tawala ili washike wizara. Historia ya chuo cha Mzumbe inasimulia zama hizo zote: mwaka 1953 ilikuwa shule ya watumishi wa serikali za mitaa, mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Mtumishi aliyepata ruhusa ya masomo aliendelea kulipwa mshahara, na aliporudi alikikuta kiti chake, mara nyingi kimepandishwa.

Mkataba huo ulikuwa na upande wa pili. Serikali ilimsomesha mtu, ikampangia kazi, nayo ikategemea amtumikie. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, na baada yake waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni mbili mbele ya redio, wakiwa na vijitabu na viongozi wa vikundi. Kipindi kilipokwisha walijadili walichokisikia, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Mwaka huo huo sehemu za kazi ziliagizwa kutenga muda wa masomo ya wafanyakazi. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipewa sheria yake, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vikaanza kufunguliwa, vikiiga mfano wa Sweden. Dunia nzima ilikuja kutazama. Mwaka 1976 mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima ulifanyika Dar es Salaam.

Kwa upande wa wahitimu, tendo kubwa zaidi la zama hizo lilikuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Atumikie jeshi la kujenga taifa, afanye kazi, kwa kawaida miaka isiyopungua miwili, kisha aombe akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetamani kusomea uchumi alipaswa kumshawishi mwalimu mkuu aliyemhitaji darasani na katibu wa tawi ambaye pengine alikuwa na kinyongo naye. Hata hivyo darasa la Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilibadilika sura: watu wenye miaka thelathini, wenye watoto, waliokwisha kuona kiwanda au kijiji kwa macho yao. Wahadhiri waliofundisha miaka ile wamewasifu sana. Lakini nafasi za wanawake na za masomo ya sayansi hazikujaa, na muda si mrefu masharti yakaanza kulegezwa kwa makundi hayo. Kwa maoni yangu wazo lilikuwa jema kuliko utaratibu wake. Ni sera chache nchini mwetu zilizowahi kutamka waziwazi kwamba uzoefu wa kazi ni sifa ya kuingilia chuo kikuu.

Kisha fedha zikaisha. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ukame na mashirika ya umma yaliyokula kuliko yalivyozalisha viliufanya mshahara wa mtumishi kuwa jina tu. Katikati ya miaka ya 1980 mwenye shahada alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya shirika, mkewe aliuza maandazi, na jioni gari lake, kama alikuwa nalo, lilikuwa teksi bubu. Wengine walivuka mpaka kwenda kufundisha Kenya, Botswana na Lesotho. Serikali, kupitia sheria ya nguvu kazi ya 1983, iliwakamata mijini watu iliowaona hawana kazi, wakati huohuo ofisa aliyeketi mezani aliishi kwa shughuli ambazo sheria hiyo isingezitambua. Ile ilikuwa shule pia, ingawa haikutoa cheti. Wasomi walijifunza biashara kwa siri na aibu, mpaka Azimio la Zanzibar la 1991 lilipowaondolea viongozi na watumishi mwiko wa Azimio la Arusha wa kuwa na kipato cha pili.

Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yaliufunga mlango uliofunguliwa Tanga mwaka 1892. Ajira zilisimamishwa, mashirika yakabinafsishwa, na katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi wakapunguzwa kazini. Kupangiwa kazi baada ya chuo kukakoma kwa kada nyingi. Katika mazingira hayo Bunge lilipitisha mwaka 1992 sheria ya Chuo Kikuu Huria, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Walimu na watumishi wengine waliokuwa mbali na Dar es Salaam waliweza kusoma kwa vitabu vilivyotumwa mikoani, bila kuacha kazi na bila kuomba saini ya katibu wa tawi. Majirani walikwenda njia hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo sambamba mwaka 1998. Mtu mzima alipata uhuru wa kusoma anachotaka, na pamoja na uhuru huo akapata ankara.

Karne hii imeongeza wahitimu bila kuongeza meza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya 2004 iliwafungulia njia watoto wa maskini, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilipokea maelfu. Mkopo huo, lakini, ulikusudiwa hasa shahada ya kwanza, na tangu marekebisho ya 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kuulipa. Anayetaka kuanza upya hukutana na gharama mpya kabla ya kumaliza deni la zamani.

Mtazame ofisa mwenye shahada ya sosholojia anayeshuka daladala saa kumi na moja jioni kwenda kusomea uhasibu. Ada ameipata kwenye kikoba, na daftari limo katika mkoba mmoja na kontena la chakula alichokibakiza mchana. Akifaulu ataomba kubadilishiwa kada. Huko atawekwa kwenye cheo cha kuanzia; mshahara wake wa zamani anaweza kuachiwa kama mshahara binafsi, lakini miaka yake kumi kazini haimpandishi ngazi hata moja kwenye muundo mpya. Waraka wa utumishi hauna mahali pa kuandika kwamba mtu huyu alijifunza kitu kati ya mahafali moja na nyingine.

Ndiyo maana cheti bado kinatisha. Aprili 2017 uhakiki wa serikali ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi hizo kwa miaka mingi. Kosa lilikuwa lao. Lakini hakuna aliyeuliza waliwezaje kuimudu kazi muda wote huo bila elimu iliyodaiwa, kwa kuwa mfumo wetu haukuwa na namna ya kulipima jibu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imeanza kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani. Mhitimu wa chuo kikuu aliyejifunza kazi mpya kwa njia hiyo hana pa kupimiwa panapolingana na hapo.

Sheria ya VETA ya 1994 iliwawekea waajiri tozo ya kuendeleza ujuzi, nayo hukokotolewa kwenye jumla ya mishahara kila mwezi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani. Bunge linaweza kutenga sehemu ya tozo hiyo kwa mfanyakazi anayebadili fani akiwa na miaka arobaini, na ofisi ya Utumishi inaweza kurekebisha waraka wa kada ili uzoefu wake uhesabiwe. Hayo mawili yanaweza kuanza kutekelezwa katika bajeti ijayo.