Hesabu za Kongo zilizofanywa mbali: kutoka Antwerpen hadi Lubumbashi

Mjini Lubumbashi wapo leo wahasibu ambao hawaendi biro. Wanafanya kazi nyumbani mbele ya kompyuta, wakifunga hesabu za kampuni zilizo Kinshasa, Kolwezi, hata Abidjan. Fakture zinafika kwa simu zikiwa zimepigwa picha, karatasi za banki zinakuja kwa barua pepe, na mwisho wa mwezi mhasibu anatuma mizania kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumpa mkono. Umeme ukikatika, kazi inaendelea na batri mpaka iishe, kisha inangoja. Wazee wanauliza: mtu atahesabu vipi sanduku la pesa ambalo halioni?

Swali lao lina maana, lakini si geni katika nchi hii. Kwa muda mrefu sana vitabu vya hesabu vya Kongo viliandikwa, vikasomwa na vikafungwa mbali na Kongo. Zamani mhasibu alikaa Ulaya na mali ilitoka huku. Na kisa kikubwa kuliko vyote cha hesabu zilizosomwa kutoka mbali ni kile cha karani mmoja wa meli ambaye hakukanyaga ardhi ya Kongo hata siku moja.

Edmund Dene Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Mwaka 1891 aliingia kazi ya ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, mjini Liverpool. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kubeba mizigo kati ya Antwerpen, Ubelgiji, na Boma, uliokuwa mji mkuu wa Dola Huru ya Kongo, yaani nchi ambayo mfalme Leopold wa Pili aliitawala kama shamba lake mwenyewe tangu 1885. Kwa sababu Morel alijua Kifaransa vizuri, wakubwa wake walimtuma Antwerpen mara kwa mara, miaka ya mwisho ya karne ya 19, ili asimamie meli zinapofika na zinapoondoka. Kazi yake ilikuwa karatasi: orodha za mizigo, uzito, bei, majina ya wenye mali.

Wakati huo mpira ulikuwa na bei kubwa. Matairi ya kujazwa upepo yalikuwa yameanza kuuzwa, kwanza ya baisikeli, kisha ya motokari, na viwanda vya Ulaya vilitaka mpira kila siku. Meli kutoka Boma zilishuka Antwerpen zikiwa zimejaa mpira na pembe za ndovu. Kwa mtu aliyesimama kwenye gati, ile ilikuwa biashara nzuri inayostawi. Morel akaanza kulinganisha.

Alichukua mizigo iliyofika kwa meli, akaiweka kando ya takwimu ambazo serikali ya Leopold ilitangaza kwa watu. Hazikulingana. Mpira na pembe zilizoshuka zilizidi zile zilizotangazwa, maana yake kuna mtu aliyekuwa akiweka mfukoni tofauti hiyo. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwa kashfa ya wizi, na wahasibu wengi wangeishia hapo.

Yeye akageuza ukurasa, akatazama meli zinazorudi Kongo. Mtu akinunua mpira, lazima alipe kitu. Wafanyabiashara katika sehemu zile walilipa nguo, shanga, chumvi, na zile nyaya za shaba zilizoitwa mitako, ambazo watu wa mto walizitumia kama pesa. Lakini katika orodha za meli zinazokwenda Boma vitu hivyo vilikuwa vichache mno. Kilichojaa kilikuwa bunduki, fataki na risasi, vikipelekwa kwa serikali na kwa kampuni zilizopewa misitu. Sehemu kubwa kabisa ya mizigo haikuhusu biashara hata kidogo.

Hapo ndipo hesabu ilipojifunga yenyewe. Mali nyingi inatoka, malipo hayaingii, silaha zinaingia. Watu wanaochuma mpira hawalipwi, basi wanalazimishwa. Morel alifikia neno "utumwa" kwa kutazama safu mbili za namba, akiwa kilomita elfu kadhaa kutoka msitu wa Équateur.

Ni haki kusema kwamba wengine walikuwa wametangulia. George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyefika Stanley Falls, ambayo ni Kisangani ya leo, alimwandikia Leopold barua ya wazi mwaka 1890. William Sheppard, mmisionari mweusi kutoka Marekani aliyefanya kazi Kasai, alihesabu mwaka 1899 mikono iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Wenyeji wenyewe walikimbilia misituni, wakapigana, wakafa. Lakini kila ushuhuda ulipofika Ulaya, watu wa mfalme walijibu kwamba huyo ni mwongo, au kwamba ni kosa la afisa mmoja tu. Namba za Morel zilikuwa ngumu kuzijibu hivyo. Hazikusema afisa fulani ni mbaya. Zilionyesha kwamba biashara nzima haiwezi kuwapo bila nguvu. Na zilitoka katika karatasi za biashara hiyo hiyo.

Morel alipeleka habari kwa mkubwa wake, Alfred Jones, ambaye pia alikuwa konsuli wa Dola Huru ya Kongo mjini Liverpool. Msomaji anaweza kukisia jinsi alivyopokewa. Alipewa nafasi nyingine yenye mshahara zaidi, ili akae kimya. Akakataa. Mwaka 1901, akiwa na miaka 28, na mke na watoto wa kulisha, aliacha kazi akaanza kuandika. Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, na Mei mwaka huo bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo. Konsuli Roger Casement alitumwa kupanda mto, akasikiliza wanakijiji, na ripoti yake ilitoka mwanzoni mwa 1904. Hapo ndipo namba zilipopata sura za watu. Casement alikuwa na ushuhuda wa vijiji, Morel alikuwa na hesabu, na mwaka huo huo wakaanzisha pamoja chama cha kutetea Kongo.

Jambo hili wahasibu wa mbali wa leo wangefaa kulikumbuka. Kutoka Antwerpen Morel aliona kile ambacho mtu wa kijijini hakuweza kukiona, yaani jumla yote. Lakini hakuna orodha ya meli iliyomwonyesha mtoto aliyekatwa mkono. Bila Casement na mashahidi wa huku, angebaki na karatasi. Tena umbali huo ulimwachia ujinga mwingine: mwaka 1920 Morel yule yule aliandika maneno ya chuki na ubaguzi juu ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Aliyewatetea Waafrika kwa namba hakuwa amewajua.

Leopold naye alijua nguvu ya vitabu. Novemba 1908 alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni lake. Miezi michache kabla, Agosti, makaratasi ya serikali yake yalichomwa mjini Brussels, na moto uliwaka siku nane. Ndiyo sababu hadi leo wanahistoria wanabishana juu ya kiasi cha pesa kilichopita mikononi mwake.

Koloni lilipobadilisha mwenyewe, vitabu havikubadilisha makazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Mchanga ulichimbwa huku, jasho lilimwagika huku, posho ya unga iligawiwa huku. Baraza la utawala lilikaa Brussels, na faida ilihesabiwa huko. Huku yalibaki madaftari madogo: majina, siku za kazi, mshahara, makato. Waliosaidia kuyaandika walikuwa makarani Wakongomani, na makarani hao walijua tofauti kati ya mshahara wa mzungu na wa mweusi kuliko mtu yeyote, maana waliiona kwa wino.

Desemba 1941 bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi wazungu walikwisha kupata nyongeza. Wafanyakazi weusi wa Union Minière wakagoma kudai yao. Aliyesimama kusema kwa niaba yao Élisabethville alikuwa Léonard Mpoyi, karani. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira, askari walifyatua risasi. Mpoyi aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Wazee wa Kamalondo wamepokezana habari hiyo hadi leo.

Uhuru ulipokaribia, vita vya karatasi vilianza tena. Juni 1960 sheria ya Ubelgiji iliruhusu kampuni za koloni kuchagua kuwa za Kibelgiji, na nyingi zilihamisha makao yao. Siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, Comité Spécial du Katanga, ambayo kwayo serikali ilikuwa na kura katika Union Minière, ilivunjwa. Serikali mpya ya Kongo ikajikuta na hisa lakini bila nguvu iliyostahili, na hisa zenyewe zilibaki Brussels. Zilizungumziwa miaka mitano. Februari 1965 Moïse Tshombe, waziri mkuu wakati huo, alirudi Léopoldville na mkoba akauonyesha umati: hisa zimerudi.

Mwaka 1966 Mobutu alidai kwamba kila kampuni inayofanya kazi Kongo iwe na makao makuu yake Kongo kabla ya tarehe 1 Januari 1967. Union Minière ilikataa, na mwisho wa mwaka mali yake ilichukuliwa. Kwa namna fulani, ugomvi mkubwa kuliko yote juu ya shaba ya Katanga ulikuwa juu ya swali la wazee wa leo: vitabu vitakaa wapi? Ikazaliwa Gécomin, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Lakini shaba ilihitaji mtu wa kuiuza. Februari 1967 mkataba ulitiwa sahihi na Société Générale des Minerais ya Ubelgiji, ya ukoo ule ule, isimamie ufundi na mauzo kwa asilimia ya mapato. Bendera ilikuwa Lubumbashi. Bei iliendelea kuandikwa Brussels.

Miaka ya karibuni kitu kingine kimebadilika, nacho hakikupigiwa ngoma. Septemba 2012 Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi 17 zinazotumia sheria moja ya biashara. Pamoja nayo ulikuja mpango mmoja wa uhasibu, uliorekebishwa na kuanza kutumika upya Januari 2018. Namba 57 ni kasha, 52 ni banki, 42 ni wafanyakazi, 70 ni mauzo, iwe Dakar, Abidjan au Lubumbashi. Ndiyo maana kijana wa Katuba anaweza kufunga hesabu za duka la Abidjan bila kupanda ndege. Tofauti ya saa ni mbili tu. Na kwa Brussels, wakati wa majira ya joto ya huko, hakuna tofauti hata ya dakika moja.

Ujuzi huo unaweza kuuzwa nje, na ni haki ya kijana kula jasho lake. Lakini unaweza pia kutazama nyumbani, na njia ya Morel haijazeeka. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa ripoti juu ya mkataba wa Sicomines, ule wa mwaka 2008 wa madini kwa barabara na majengo. Wakaguzi waliweka safu mbili kama zile za Antwerpen: kilichotoka na kilichoingia. Kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa miundombinu, walikuta milioni 822 tu zimetolewa. Machi 2024 mkataba ulirekebishwa, na ahadi ya miundombinu ikapandishwa hadi bilioni 7.

Karibu zaidi na vijiji ipo sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018. Inasema kwamba 15% ya ushuru wa madini unaoitwa redevance iende kwa mamlaka ya chini ambako mgodi upo, na kwamba kampuni itoe angalau 0.3% ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kwa kampuni iliyouza kwa dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000: zahanati, visima, madarasa. Asilimia hiyo haikatwi kwenye faida, ambayo inaweza kupunguzwa kwa gharama za kila aina. Inakatwa kwenye mauzo, yaani namba 70.

Ripoti za ITIE, mpango wa uwazi katika madini, zinachapisha malipo ya kampuni kwa serikali na kwa jamii, na zinapatikana bure kwenye intaneti. Ni kurasa nyingi za safu na namba kwa Kifaransa. Mtu wa Fungurume hawezi kuzisoma zote baada ya shamba. Mhasibu aliyekaa chumbani Lubumbashi, kama umeme upo, anaweza kuzimaliza kwa usiku mmoja au miwili, akapigia simu kijijini kuuliza kama kisima kilichoandikwa kwenye ripoti kinatoa maji.