Mazoezi ya Nguvu na Shinikizo la Damu kwa Wazee wa Nyanda za Kati

Mazoezi ya nguvu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kila kazi ya mwili inayoilazimisha misuli kushindana na uzito au kizuizi, kiwe chuma, gunia la mchanga, mpira wa kuvuta au mwili wenyewe wa mtendaji, kazi ambayo hurudiwa na kuongezwa taratibu hata misuli ikapata nguvu kuliko ilivyokuwa; na shinikizo la damu, ambalo watu wa Dodoma kama Watanzania wenzao hulitaja aghalabu kwa jina la presha, ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa, hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa tarakimu mbili, ya juu moyo unapojikaza na ya chini unapolegea. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya siku mbalimbali hufika 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa na maradhi, ingawa matabibu wa Marekani tangu 2017 wameuteremsha mpaka huo hadi 130 kwa 80. Mzee, kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ni mwenye umri wa miaka 60 na zaidi.

Presha uzeeni

Ateri kubwa ya kijana hunyumbuka kila moyo unapopiga, ikapokea wimbi la damu na kulituliza. Ya mzee hukakamaa, ikalirudisha wimbi lile kwa kishindo, na ndiyo sababu baada ya miaka 50 au 60 kipimo cha juu huendelea kupanda ilhali cha chini husimama au hushuka. Walakini si sheria ya maumbile kwamba kila mwenye mvi awe na presha. Mwaka 1929 tabibu Mwingereza C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha vipimo vya wanaume wapatao 1,000 wa huko, na ikadhihirika kwamba baada ya umri wa miaka 40 shinikizo lao halikupanda kama la Wazungu, bali lilielekea kushuka.

Miaka 70 baadaye habari ilikuwa nyingine kabisa. Uchunguzi uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji kimoja cha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu wazima 3 kati ya 10 wana shinikizo la juu, mjini na shamba sawia, na chini ya mmoja kati ya watano wa wagonjwa hao ndiye aliyejua kwamba anaumwa. Uchunguzi wa pili wa Hai, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusu watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, ulipata kiwango cha kutisha cha karibu 7 kati ya 10. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban robo yao wana shinikizo la juu.

Nyanda za kati, yaani Dodoma na Singida, zina jambo lao la ziada, nalo ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma na Singida yana ladha ya chumvi inayotambulika ulimini, na mlenda, ambao ndio kitoweo cha kwanza cha ugali wa mtama na uwele katika Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, hupikwa aghalabu kwa magadi, yaani kwa sodiamu ileile ambayo mgonjwa huambiwa aipunguze. Mwenye kuhesabu chumvi ya kijiko peke yake, akausahau ule mfuko mdogo wa magadi ulioning'inizwa jikoni, amehesabu nusu.

Kazi ya nguvu katika maisha ya kale

Neno mazoezi halikuwa na kazi kubwa katika Ugogo wa zamani, maana mtama ulitwangwa kinuni kisha ukasagwa kwa jiwe, mwanamke akiwa amepiga magoti na kulemea kwa mabega na mgongo. Nyumba ya tembe, yenye paa la miti na udongo, ilidai magogo yabebwe na udongo upandishwe. Na wakati wa kiangazi, mito ya mchanga inapokauka, visima vilichimbwa mchangani na maji yakapandishwa kwa mikono mpaka kundi zima la ng'ombe likate kiu. Yote hayo ni kunyanyua, kusukuma na kuvuta, mambo matatu ambayo mkufunzi wa leo huyapanga katika ratiba yake. Mashine ya kusaga, bomba na bati vimeiondoa taabu hiyo, na hapana mwenye akili atakayemwombea mama mzee irudi. Ila iliondoka na kitu ambacho hakikuwekewa badala.

Wahadzabe wa ziwa Eyasi

Mahali ambapo kazi hiyo ya kale imepimwa kwa vyombo vya kisayansi ni pembezoni mwa ziwa Eyasi, ambako nyanda za kati zinateremka bondeni na ambako Wahadzabe, wakiwa wachache, wengine upande wa Mkalama mkoani Singida na wengine upande wa Mbulu na Karatu, wameendelea kuishi kwa kuwinda, kuchuma na kuchimba. Mwanaanthropolojia James Woodburn alianza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1972 yeye na wenzake, wakiongozwa na N. A. Barnicot, walitoa makala juu ya shinikizo la damu na mafuta ya damu ya watu hao, ambayo ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za aina hiyo katika Tanzania huru.

Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliandika habari iliyopata sifa ulimwenguni, ya mabibi wa Kihadzabe ambao, wakiwa wamekwisha kupita umri wa kuzaa, walitumia saa nyingi kuliko binti zao katika kutafuta chakula, hususan kuchimba viazi vya mwituni kwa mti uliochongwa ncha, katika ardhi ngumu yenye mawe ambayo sharti yang'olewe kwanza. Wataalamu hao waliitumia habari hiyo kueleza kwa nini mwanamke huishi miaka mingi baada ya ukomo wa hedhi. Walakini kwa makala haya maana yake ni nyepesi zaidi: ajuza mwenye miaka 65, akichuchumaa, akichokonoa, akisukuma jiwe na kurudi kambini na mzigo mgongoni, anafanya mazoezi ya nguvu yasiyo na jina.

Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake, baada ya kuwafungia Wahadzabe vifaa vya kupimia mapigo ya moyo, walitangaza kwamba watu hao hufanya kazi ya mwili ya wastani au nzito kwa takriban dakika 135 kwa siku, kwamba kiasi hicho hakipungui umri unapoongezeka, na kwamba shinikizo la juu la damu ni nadra kwao katika umri wote. Mwaka 2020 wakaongeza jambo la ajabu: Wahadzabe hupumzika kwa muda wa karibu saa 10 kila siku, muda usiopungukiwa sana na wa karani wa mjini, ila sehemu ya muda huo hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi kidogo kidogo, ilhali kiti huilaza kabisa. Si haki, hata hivyo, kuipa misuli sifa yote, maadamu watu hao ni wembamba, hawatii chumvi nyingi katika chakula chao, na hutembea mwendo mrefu kila siku.

Majaribio ya kitabibu

Hofu ya matabibu juu ya chuma ilikuwa na asili. Mwaka 1985 J. D. MacDougall na wenzake wa Kanada waliingiza kipimo ndani ya ateri za vijana wanyanyua vyuma wenye mazoea, wakaona kwamba katika kusukuma mzigo mzito kwa miguu miwili shinikizo lilipaa hadi wastani wa 320 kwa 250, na kwa mmoja wao likapita 480 kwa 350. Tabibu aliyesoma tarakimu hizo hakuhitaji kushawishiwa amkataze mzee mwenye presha asiguse hata ndoo. Miaka 5 baadaye, mjini Boston, Maria Fiatarone alichukua wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye wastani wa miaka 90, akawazoeza miguu kwa uzito mkubwa muda wa wiki 8, na wale waliomaliza wakaongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Jaribio hilo halikuwa la presha, ila lilivunja dhana kwamba misuli ya shaibu haifundishiki.

Tangu hapo ithibati zimejilimbikiza. George na Kristi Kelley, waliojumlisha majaribio mbalimbali mwaka 2000, walipata kwamba mazoezi ya nguvu hushusha presha ya mapumziko kwa milimita 3 hivi, juu na chini. Véronique Cornelissen na Neil Smart, mwaka 2013, walipata 1.8 kwa 3.2. Jumla kubwa zaidi, ya Jamie Edwards na wenzake wa Uingereza mwaka 2023, iliyokusanya majaribio 270 na watu zaidi ya 15,000, ilipata kwamba mazoezi ya nguvu ya kawaida hushusha 4.55 kwa 3.04, yaani takriban sawa na kutembea na kukimbia kulikoshusha 4.49 kwa 2.53, na kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kiungo kusogea, kama vile kuegemeza mgongo ukutani na kukaa juu ya kiti kisichokuwepo, yalizishinda njia zote kwa 8.24 kwa 4.00. Kanuni iliyozoeleka ya zoezi hilo ni kukaa dakika 2, kupumzika, na kurudia mpaka zitimie mara 4, siku 3 kwa wiki.

Milimita 4 huonekana kidogo, na ni kidogo kweli ukizilinganisha na kidonge. Lakini hupatikana bila gharama, huongezeka kwa mwenye presha ya juu kuliko kwa mzima, na huja pamoja na miguu inayomwinua mzee kitini bila kushikwa mkono. Sababu zake ni nyingi: baada ya kazi mishipa ya misuli hutanuka na presha hukaa chini ya kiwango cha kawaida kwa saa kadhaa, kuta za mishipa huzoea kutoa naitriki oksaidi inayoilegeza, neva za hamaki hutulia, na misuli iliyonenepa huifyonza sukari ya damu, ikapunguza mafuta ya tumboni. Wasiwasi uliotolewa mwaka 2004 na Motohiko Miyachi wa Japani, kwamba uzito mkubwa hukakamaza ateri za vijana, haukuthibitika kwa wazee waliotumia uzito wa kadiri. Mwenye kuacha mazoezi hurudi alikotoka baada ya wiki chache.

Pumzi na mambo ya kuhadhari

Kilichozipandisha zile tarakimu za 1985 si chuma peke yake, bali kubana pumzi, kitendo kinachoitwa kwa jina la Antonio Valsalva, tabibu Mtaliana aliyekieleza mwaka 1704: mtu hufunga koo na kujikamua, kifua kikabana mishipa, presha ikaruka, kisha anapoachia ikaporomoka. Dawa yake ni sahali, nayo ni kutoa pumzi wakati wa kunyanyua na kuivuta wakati wa kushusha. Miongozo ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2007 inamtaka mzee aanze na uzito mwepesi awezao kuurudia mara 10 hadi 15 bila kujikamua, siku 2 au 3 kwa wiki, na inamkataza kabisa mwenye presha inayopita 180 kwa 110 mpaka itibiwe. Anayemeza dawa ya presha iitwayo atenololi asiyapime mazoezi yake kwa mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hiyo huyapunguza; na anayemeza dawa za kukojosha asisimame kwa ghafula, kwani kisunzi cha baada ya mazoezi kimewavunja wazee nyonga.

Hali ya sasa Dodoma

Mji uliotangazwa makao makuu mwaka 1973, na ambao serikali ilihamia kwa vitendo kuanzia 2016, umevuta wastaafu wengi pamoja na wazazi wa watumishi, waliotoka kwenye jembe na kuja kukaa barazani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, hutibu maradhi ya moyo. Mwishoni mwa 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na watu wakaitikia hasa kwa kukimbia na kutembea. Vyuma vimebaki vya vijana. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linawataka wazee waikaze misuli siku 2 au zaidi kila wiki. Mzee anayetaka kuanza na apimwe kwanza presha, akiwa ameketi kimya dakika 5, na amwonyeshe mganga wa zahanati dawa anazomeza kabla hajashika uzito wa kwanza.