Boyi

Kwa Waingereza, neno hili ni mtoto wa kiume. Lilipofika Katanga lilipoteza umri: mtumishi wa nyumbani kwa mzungu, hata awe na mvi na wajukuu, aliitwa boyi. Kenya na Tanzania lilipanda lori likawa taniboi, yaani utingo. Lakini hapa kwetu Lubumbashi, zamani Elisabethville, lina uzito wa pekee. Mwaka 1965 watumishi hao wa zamani walitoa kwa Kiswahili historia ya mji huu, Vocabulaire ya Ville de Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav. Walioitwa watoto ndio waliotuachia kumbukumbu! Ndugu msomaji wa komini ya Annexe, anayekupikia na kukufulia ana jina. Mwite kwa hilo. Akikuzidi umri, mwite baba.