Wino wa Masizi na Wino wa Chupa: Kalamu Mbili za Pwani ya Tanga

Neno kalamu lilikuwa jina la mmea kabla ya kuwa jina la chombo cha kiwandani. Wayunani waliuita mwanzi kalamos, Waarabu wakaita qalam ule uliochongwa kwa kuandikia, na Waswahili wakalipokea jina hilo pamoja na hati ya Kiarabu. Katika pwani ya Tanga, toka Pangani hadi Moa, kalamu ya tete ilitawala zamani zote hizo, kisha ikaja nyingine yenye tumbo la kuwekea wino. Kupokezana kwa kalamu hizi mbili ni sehemu ya historia ya ushairi wa Kiswahili, kwani umbo la kalamu ndilo huamua ni wino gani utumike, na wino ndio huamua utungo udumu miaka mingapi.

Kalamu ya tete haina siri. Tete kavu hukatwa kwa kisu kikali, ncha ikachongwa kwa mshazari, kisha ikapasuliwa kidogo katikati ili wino uteremke. Mshazari huo ndio unaoipa hati ya Kiarabu mistari yake minene na myembamba. Wino wake hutengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, ukakorogwa na maji hata ukawa mzito wa kushika ncha. Masizi ni kaa tupu. Hayafifizwi na jua wala na miaka. Adui yake ni maji, kwa kuwa gundi huyeyuka, na ndiyo maana mtoto wa chuoni aliweza kuuosha ubao wake akaandika aya nyingine. Lakini karatasi iliyokaa pakavu, ikasalimika na mchwa, maandishi yake hubaki meusi kama siku yalipoandikwa.

Hati ya Kiarabu ndiyo iliyohifadhi tungo za Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni na mshairi wa pwani hii, aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya 1888 na 1889. Tungo za namna hiyo zilipita toka mkono hadi mkono kwa kunakiliwa. Mwaka 1955 J.W.T. Allen aliuchapisha utenzi huo kwa hati ya Kilatini pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Allen huyo huyo ndiye aliyetengeneza orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, orodha iliyotoka mwaka 1970.

Waliposhika nchi, Wadachi walifungua skuli ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Humo walisomeshwa makarani na walimu kwa hati ya Kilatini, na kiwandani mwake likachapwa gazeti la Kiongozi. Mkono uliozoea kutoka kulia kwenda kushoto ukageuzwa, na ncha ya mshazari haikufaa tena. Maofisi ya zama hizo yalitumia nibu ya chuma iliyochovywa katika kidau. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na tangu 1923 gazeti la Mambo Leo likawa uwanja wa washairi, ambao walipeleka tungo zao Dar es Salaam kwa posta. Karani na mshairi wakawa mara nyingi mtu mmoja. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alianza ukarani wa serikali mwaka 1926, akafanya kazi za ofisini kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa watu wa namna hiyo kalamu ya wino ilikuwa chombo cha kazi na alama ya hadhi. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yake mwaka 1884. Kalamu za mwanzo zilifunguliwa kiunoni zikatiwa wino kwa kitoneshi. Mwaka 1908 Walter Sheaffer akapata hataza ya wenzo mdogo ubavuni, unaobana mfuko wa mpira uliomo ndani. Pelikan ya Ujerumani ikaleta kalamu ya pistoni mwaka 1929. Parker ilitoa Vacumatic mwaka 1933, na Parker 51 mwaka 1941.

Anayeikuta moja ya kalamu hizo katika kasha la marehemu babu anaweza kuitambua bila fundi. Kwanza asome maandishi yaliyochongwa mwilini, kwenye kishikizo na kwenye nibu. Kalamu nyingi za Parker za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 zina tarakimu ndogo yenye vitone, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa. Kisha atazame njia ya wino. Wenzo ubavuni ni dalili ya mfuko wa mpira. Conway Stewart nyingi za Uingereza ni za jinsi hii. Kifuniko kidogo mkiani chaweza kuficha kitufe cha kubonyeza. Kirungu kinachozunguka mkiani ni cha pistoni. Parker 51 za mwanzo zina kifuniko mkiani na pampu chini yake. Zile zilizokuja tangu 1948 hazina kiungo mkiani, na mwili ukifunguliwa huonekana ala ya chuma inayobanwa kwa vidole.

Kabla ya kuitia wino, kalamu itikiswe karibu na sikio. Ikilia kama mbegu kavu, mfuko wa mpira umekwisha kukauka na kuvunjika, na kulazimisha wenzo ni kuzidi kuiharibu. Fundi atabadili mfuko. Ikiwa nzima, isafishwe kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugeuza rangi ya mpira mgumu uliotengenezewa kalamu za zamani. Ndipo nibu izamishwe yote ndani ya wino hadi shingo ya kalamu iguse, wenzo uinuliwe na kurudishwa taratibu, na mwenye kalamu ahesabu hadi kumi kabla ya kuitoa. Mfuko uliobanwa unapoachiwa hurudi umbo lake, na kwa kurudi huko huvuta wino. Akiitoa mapema, atakuwa amevuta upepo.

Sharti kubwa ni wino wenyewe. Wino wa masizi na gundi, ule uliozibeba tungo za wazee, ni sumu kwa kalamu hii: hukauka katika mfereji mwembamba chini ya nibu ukaziba njia isizibuke. Kalamu yenye tumbo hutaka wino mwepesi wa rangi iliyoyeyuka, kama Quink iliyotolewa na Parker mwaka 1931. Wepesi huo una gharama yake. Buluu ya kufulika, iliyopendwa kwa kuwa hutoka nguoni, hutoka pia karatasini. Jua huifuta na unyevu wa pwani huitawanya. Wino wa buluu na nyeusi uliotiwa chumvi ya chuma hudumu zaidi, maana hukolea kadiri unavyokaa, ingawa asidi yake hula nibu ya chuma. Ndiyo sababu nibu njema zilikuwa za dhahabu.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa ushairi hawana budi kulitafakari. Mswada wa tete wa karne ya 19 waweza kusomeka vizuri kuliko barua ya mwaka 1955, na aliye karibu zaidi kwa wakati akawa ndiye aliye karibu zaidi na kupotea. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zimetufikia kwa kuwa aliyezipokea alizitunza, na TUKI ikazitoa kitabu mwaka 2002. Mabunda ya barua na madaftari ya mashairi yangalimo masandukuni Tanga, Pangani na Muheza bila mtunzaji wa namna hiyo. Yawekwe gizani, pakavu, mbali na plastiki inayofungia unyevu. Yanakiliwe au yapigwe picha maadamu yanasomeka. Kalamu iliyokauka huoshwa ikaandika tena. Ubeti uliofifia, ikiwa aliyeuandika amekufa na hapana mwingine aliyeuhifadhi moyoni, haurudi.