Kona Tatu, Penati

Chandimu haina msajili wala mwenyekiti, ila ina sheria. Kule Mwanjelwa, Mbeya, nilikokulia, kona tatu zilikuwa penati moja. Mwenye mpira hakai golini. Mpira umepita ndani au juu, ikiwa milingoti yenyewe ni matofali mawili? Tulibishana mpaka tukakubaliana, maana mwenye mpira akikasirika akaondoka nao, mechi imekufa. Walioamua yote hayo walikuwa na miaka tisa, kumi.

Klabu ni kitu kingine. Sheria ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na klabu inayotaka kutambuliwa huanzia kwenye karatasi: usajili, katiba, mwenyekiti, katibu, mhazini. Mtoto yumo uwanjani, kikaoni hayumo. Nimewahi kusoma katiba mbili za klabu za mtaani, moja ya Mbeya, nyingine ya Iringa. Zote zinamtaja mtoto mara moja tu, kwenye kipengele cha kukuza vipaji, kana kwamba ni mche wa kahawa.

Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013, ikamaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya tatu, jiji lilivaa zambarau. Mtaani kwetu timu za watoto zikaota kama uyoga. Yetu ilikuwa na katibu mchapakazi. Kabla ya mashindano fulani alikusanya vyeti vya kuzaliwa, na mwenzetu mmoja akajikuta amepunguzwa miaka miwili. Hakuulizwa. Mama yake hakuulizwa. Wapinzani walipokata rufaa, aliyefungiwa ni yeye. Katibu aliendelea kuwa katibu.

Wakati huo Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa tayari inatumika. Kifungu chake cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto Tanzania iliuridhia tangu 1991. Hakuna aliyeufikisha uwanjani kwetu.

Wanaosema watoto hawawezi waangalie Mathare, Nairobi. MYSA ilianza huko mwaka 1987. Vijana wenyewe walichaguana kuongoza, na timu iliyofanya usafi wa mtaa iliongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United, bingwa wa Kenya mwaka 2008. Sidai kwamba uchaguzi ndio uliofunga magoli.

Iringa, ninakoishi sasa, kocha mmoja wa Kihesa aliwaita watoto wake kikaoni. Wakaomba mazoezi ya Jumamosi yahamie saa kumi jioni, kwa kuwa asubuhi wanachota maji na kufua sare. Ikapita bila upinzani. Hoja ya pili ililetwa na beki wa kushoto, miaka kumi na mmoja: ile mia tano tunayotoa kila wiki inaandikwa wapi? Mhazini akajibu kwamba daftari liko nyumbani.

Watoto wakasema watamsubiri.